Njia Iliyotaka Kulimeza Tanuru la Kiaturi

Haya ninayowaambia ni kweli tupu. Ni kweli ya kuapa mbele ya chifu asubuhi na mbele ya padri jioni, bila kubadilisha shati. Nimestaafu, sina haraka, na sina sababu ya kudanganya mtu. Mkipata neno moja la uongo humu ndani, nitamtoa jogoo wangu mwekundu, yule anayetembea kama askofu, nimpeleke mwenyewe kwa Cucu Wambeti achinjwe. Jogoo huyo nampenda kuliko baadhi ya watu wa ukoo wangu. Kwa hivyo mnaona kwamba sitanii.

Haya. Sikilizeni habari za Lydiah.

Lydiah anaishi chini ya kilima cha Kiaturi, si mbali na Kianjokoma. Ana mume, Mutugi, na binti, Ciku, ndiyo maana majirani humwita Mama Ciku. Wana majani chai kidogo, migomba, na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Ng'ambo ya ua anakaa nyanya yake, Cucu Wambeti. Meno ya Cucu yamepungua, lakini maneno yameongezeka.

Kila asubuhi Lydiah alikamua, akampikia Ciku uji, akampelekea Cucu chai. Kila asubuhi Cucu alinyoosha kidole kuelekea kilimani.

"Tanuru la baba yangu liko pale," alisema. "Baba alikuwa muturi. Alifua majembe na mikuki. Mama yangu aliosha mchanga mweusi mtoni, ule wenye chuma, akaupandisha kwa kiondo."

"Ndiyo, Cucu," Lydiah alijibu. Alikuwa amesikia hayo tangu utotoni. Watu wengine waliyasikia pia, na wakacheka. Walisema hizo ni hadithi za uzee. Kama kuna tanuru, mbona hakuna aliyeliona?

Kilichoonekana kilimani kilikuwa tuta kubwa la mawe meusi. Mawe hayo ni mazito, yana matundu, na yanang'aa kidogo kama lami. Yanaitwa mavi ya chuma. Ni takataka inayobaki chuma kinapoyeyushwa.

Kilima kimezungushiwa waya. Langoni kuna kibao: *Mahali hapa panalindwa na sheria. Usichimbe. Usiondoe kitu. Ukiona uharibifu, piga simu.* Nambari iko hapo chini. Kila mtu alikisoma kibao hicho, halafu akapita chini ya waya na karai lake. Mawe meusi hayaliwi na matope. Ukiyatandaza kwenye zizi, ng'ombe anasimama pakavu hata mwezi wa nne. Mutugi alitandaza zizi lake lote. Majirani walifanya vivyo hivyo. Hata pale mlangoni pa kanisa, wanapopangusia viatu, ni mavi ya chuma.

Kisha mradi ukaja. Wageni na wanafunzi walikuwa wakiteleza wakipanda Kiaturi, kwa hivyo njia ya miguu ingetengenezwa mpaka juu. Lydiah akapata kibarua cha kuchimba.

Sharti la mradi lilisemwa siku ya kwanza mbele ya vibarua wote. Hakuna jembe kugusa udongo wa Kiaturi kama Beverlyne hayupo. Beverlyne ni mwanaakiolojia, yaani amesomea vitu vya kale vilivyofukiwa ardhini. Anatoka Meru. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na wachimbaji na kutazama udongo unavyofunguka.

"Kutazama!" Muthamia alisema, akicheka. Muthamia alikuwa nyapara, na shavu lake lilikuwa limevimba kwa muguka, majani yale ya kutafuna, toka asubuhi hadi jioni. "Mtu anaenda chuo kikuu kusomea kutazama jembe. Mimi natazama jembe tangu nizaliwe. Nani ameniita profesa?"

Vibarua walicheka. Lydiah pia alicheka, lazima niseme.

Lakini Beverlyne akiwepo, kazi ilienda polepole. Alikuwa akisema, "Hebu simameni kidogo," akachutama, akakwangua udongo kwa mwiko mdogo kama wa fundi wa mawe. Muthamia alikuwa akitafuna muguka kwa nguvu zaidi.

Asubuhi moja jua lilikuwa kali. Lydiah aliinama na jembe lake. Akamsikia nyapara akiongea kwa simu.

"Madam, usijisumbue kuja. Huku ni mvua! Mvua ya nguvu! Hata vidole vyangu sivioni. Hatuchimbi leo, hapana. Tumejikinga tu."

Alifuta jasho usoni kwa kofia. Akakata simu.

"Haya, chapeni kazi!" akapaza sauti. "Leo tunapasua kwa kasi."

Lydiah alitazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Lakini akainama tena na jembe lake. Kibarua ni kibarua.

Karibu na saa nne, wakati wa chai, jembe lake liligonga kitu. Aliinama akafukua kwa mikono. Ulikuwa mrija mnene wa udongo uliochomwa, mrefu kama mkono wa mtoto. Upande mmoja ulikuwa umeyeyuka na kugeuka kioo cheusi.

Cucu alikuwa ameueleza mrija huo mara nyingi: upepo wa mivuo ulipita ndani yake, ukaingia motoni, na ncha yake ikayeyuka kwa joto.

"Nyapara," aliita. "Njoo uone. Tusimame kwanza. Tumpigie Madam."

Muthamia alikuja. Aliuchukua mrija, akaugeuza, akautupa kwenye lundo la mawe. Kisha akainua sururu na kuupiga. Ulivunjika vipande.

"Hii kitu ni kigae cha chungu cha nyanya yako," alisema. "Rudi kazini."

"Umeuvunja!"

"Nimeuvunja ndiyo. Na kesho asubuhi tunapasua tuta lote hapa. Haya mawe meusi tutayashindilia chini ya njia. Ni ya bure. Mbona nilete lori la kokoto kutoka mbali, na kokoto ziko hapa?"

Lydiah alitazama tuta. Akatazama njia. Hasira yake ilikuwa bado inatafuta maneno.

"Lakini nyapara," alisema, "watu watapanda njia hii waje kuona nini?"

"Watakuja kuona njia. Wewe, Mama Ciku, unataka kazi ama unataka maneno?"

Lydiah alirudi kwenye shimo. Lakini kabla ya kurudi, alivua kitambaa chake cha kichwa. Alikifunga kwenye kijiti, akakichomeka pale pale mrija ulipokuwa umelala.

Jioni alifika nyumbani hajasalimu mtu. Mutugi alikuwa akimwekea ng'ombe majani. Lydiah aliyatazama mawe meusi chini ya kwato, na machozi ya hasira yakamtoka.

"Toa huyo ng'ombe hapo!"

"Atoke aende wapi?" Mutugi aliuliza. "Umepatwa na nini, Mama Ciku?"

Lydiah akaeleza. Cucu Wambeti alisikia kelele akaja mpaka kwenye ua. Alisikiliza mpaka mwisho, huku amekamata waya wa ua kwa mikono miwili.

"Ameuvunja kwa sururu?" aliuliza.

"Kwa sururu, Cucu."

"Na nyinyi? Nyinyi mmekuwa mkifanya nini miaka hii yote?" Cucu alinyooshea zizi kidole. "Huyo nyapara ni mgeni. Wewe, Mutugi, umemtandikia ng'ombe kazi ya baba yangu akojolee. Nilipokuwa nikisema, mlisema ni uzee. Mlijua ni uzee wakati mlipokuwa mkijaza makarai?"

Mutugi aliyaweka chini majani ya ng'ombe.

"Sikujua, Cucu," alisema.

"Kibao si kiko langoni? Ama shule ulienda kula githeri?"

Mutugi alienda nyuma ya nyumba. Lydiah akashuka mpaka langoni mwa Kiaturi kabla giza halijaingia, akasoma nambari ya kibaoni, akapiga, akaomba aunganishwe na Beverlyne. Aliogopa. Alijua kwamba anaweza kuupoteza ule mshahara mdogo wa kibarua. Lakini aliona bora apoteze kibarua kuliko amtazame Cucu machoni kila asubuhi na kikombe cha chai mkononi.

"Halo, ni Madam Beverlyne? Mimi ni Mama Ciku, wa njia ya Kiaturi. Madam, leo huku kumenyesha?"

"Muthamia amesema kumenyesha sana."

"Madam, hata nguo zangu zimekauka nikiwa nimezivaa. Tumechimba siku nzima. Na kesho asubuhi wanapasua tuta."

Beverlyne akasema kwa sauti ya chini, "Usiguse kitu. Nakuja."

Asubuhi Lydiah alipanda kilima mapema, lakini alikuta kelele zimemtangulia. Muthamia alikuwa amepanga vibarua na sururu upande mmoja wa tuta. Upande wa pili alikuwapo nani? Mutugi! Mutugi na nusu ya kijiji, kila mtu na wilbaro yake. Mutugi hakuwa amelala vizuri. Maneno ya Cucu yalikuwa yamemchoma. Alifukua zizi lote, akaamsha majirani nao wakafukua ya kwao, na sasa walikuwa wakirudisha mavi ya chuma kilimani. Waliyamwaga juu ya tuta kwa bidii ya watu wanaotubu. Mengine yalikuwa bado na samadi.

"Rudisheni yote!" Mutugi alikuwa akiamuru. "Hata yale ya mlangoni pa kanisa!"

"Ondokeni hapa, mnanichelewesha!" Muthamia alipaza sauti.

"Wewe ndiye uondoke, mwizi wa mawe!"

"Mwizi? Hiyo wilbaro yako imejaa nini?"

Pikipiki ya bodaboda ikafika. Beverlyne aliruka kabla haijasimama.

"Simameni wote!" alipiga kelele. "Nyapara, shusha sururu! Na wewe mwenye wilbaro, usimwage! Nani amekwambia umwage hapo?"

Mutugi alishangaa. "Madam, mimi ninarudisha! Ni huyu anayeharibu."

"Mnaharibu nyote wawili."

"Jiwe si ni jiwe? Lilitoka hapa, limerudi hapa."

Beverlyne alivuta pumzi. Alikuwa amekasirika, lakini alijua kueleza.

"Baba Ciku, shamba lako lina maua ya mpakani?"

"Yapo. Baba yangu aliyapanda."

"Jirani akiyang'oa, halafu kesho yake akayarudisha pale anapokumbuka yeye, utasema asante?"

"Nitampeleka kwa chifu!" Mutugi alifoka.

"Kwa nini, na maua ni yale yale?"

"Si maua, Madam, ni mahali! Ua likihama, halisemi tena mpaka uko..." Mutugi alitazama wilbaro yake. Akaishusha chini polepole, kama mtu aliyebeba mayai.

"Basi mambo ya kale ni hivyo hivyo," Beverlyne alisema. "Jiwe hili likiwa pale lilipoangukia, linanieleza tanuru lilikuwa wapi, moto ulitokea upande gani, kazi ilifanywa mara ngapi. Likihama, linabaki jiwe tu. Ndiyo maana sheria inasema usichimbe, usiondoe. Na ukikutana na kitu, usikivute. Kiache, weka alama, tupe habari. Kazi yangu ni kutazama kwa sababu jembe halirudi nyuma. Likishapita, hakuna wa kuushona udongo."

Muthamia alitema muguka pembeni. "Madam, wacha hadithi. Hapa chini hakuna kitu. Ni udongo tu. Mimi nina njia ya kumaliza."

Hapo ndipo maneno ya Lydiah yalipopatikana. Yalitoka yote kwa pamoja.

"Hakuna kitu? Jana uliuvunja nini? Muthamia, wewe umeambiwa utengeneze njia ya watu kuja kuona jambo, halafu unalivunja jambo lenyewe ulitandike chini ya njia! Watu wapande, wateleze, wafike juu wapate shimo! Unampigia Madam simu unamwambia mvua, na jua linakuchoma kisogo! Ulidhani sisi hatuna macho? Nyanya yangu amechekwa miaka yote kwa ajili ya tanuru hili, na wewe unaliita chungu!"

Sauti hiyo, nawaambia, ilifika Timau, ng'ambo ya Mlima Kenya. Wavunaji wa ngano huko walizima mashine zao, wakauliza nani amekufa.

Muthamia alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Vibarua wenzake Lydiah waliweka sururu chini, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa.

"Ni wapi ulipoukuta mrija?" Beverlyne alimuuliza Lydiah.

"Pale. Kwenye kitambaa."

Kitambaa kilikuwa bado juu ya kijiti chake. Beverlyne aliangalia kile kijiti, akamwangalia Lydiah, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mama Ciku, hii alama yako imefanya kazi kubwa. Vile vipande alivyovunja nitajua mahali pake."

Alipiga magoti akaanza na mwiko, kisha brashi. Watu walisogea. Hakuna aliyeicheka kazi ya kutazama sasa. Udongo mweusi uliondoka, ukaja mwekundu, mwekundu kama tofali lililoiva. Ule wekundu ukaanza kujipinda. Ukawa mduara. Ulikuwa ukuta wa tanuru, mzima, na ndani yake makaa na majivu. Ukingoni kulikuwa na mrija mwingine, bado umeelekea ndani pale mhunzi alipouacha. Na Beverlyne alipoingiza kidole kwenye majivu, akakitoa haraka. Yalikuwa bado na moto! Miaka yote hiyo, na moto haujazimika.

Lydiah hakungoja. Alishuka mbio, akamleta Cucu Wambeti kwa bodaboda ile ile, akiwa amemshika kwa nyuma. Cucu alisimama ukingoni. Alitazama muda mrefu. Watu waliomcheka walikuwa hapo, wameshika wilbaro zao.

"Haya," Cucu aliwaambia. "Chekeni sasa."

Hakuna aliyecheka.

Wenye mradi walikuja siku hiyo hiyo. Muthamia alijaribu kusema habari za mvua, lakini vibarua wote walikuwa mashahidi wa jua. Aliondolewa kazini, na habari za mrija uliovunjwa zikapelekwa kwa wanaohusika na sheria ya turathi. Kazi ilisimama mpaka Beverlyne alipomaliza kupima na kupiga picha.

Kisha njia ikaendelea, lakini kwa namna nyingine. Haikukata tena udongo. Inazunguka tuta badala ya kulipasua. Mahali ambapo haikuweza kuzunguka, walitandaza kitambaa kigumu juu ya ardhi, wakaweka changarawe kutoka nje juu yake. Njia imekaa juu ya kilima kama blanketi. Siku ikitakiwa kuondolewa, itaondolewa, na chini kutakuwa vile vile. Kila palipohitajika kuchimbwa shimo, hata la nguzo, Beverlyne alisimama hapo, na Lydiah akasimama naye. Alipewa kazi hiyo na wenye mradi: kutazama.

Tanuru lilifunikwa tena kwa udongo laini ili mvua isilile, na juu yake kuna alama na picha. Mawe ya Mutugi na wenzake hayakurudi kwenye tuta. Yamewekwa langoni, peke yake, na kibao kinachosema yalitoka kwenye mazizi ya watu. Mwanafunzi akitaka kushika mavi ya chuma, anashika hayo. Darasa la Ciku lilikuwa la kwanza kuja. Cucu aliketi pale langoni akawaambia habari za mchanga mweusi, na alipomaliza, mwalimu aliomba aanze tena.

Zizi la Mutugi sasa lina mawe ya mtoni. Ng'ombe bado ana hasira.

Nilipomaliza kuandika, nilienda kuwasomea. Tulikuwa uani kwa Cucu: Lydiah, Mutugi, na Beverlyne aliyekuwa amepita kunywa chai. Nilisoma kwa sauti ya redio. Nilipofika kwenye ile kelele iliyofika Timau, niliinua macho kuona kama watapinga.

"Hiyo ni kweli," Cucu alisema. "Mimi nina sikio moja bovu, na ndilo lililosikia. Endelea."

Niliendelea. Nikafika kwenye majivu ya moto. Beverlyne akaweka kikombe chini.

"Moto?" alisema. "Yale majivu yalikuwa baridi, tena na unyevu. Yalikuwa yamejaa mizizi ya nyasi."

"Kwa msomaji, Madam," nilijitetea. "Ni utamu kidogo tu."

Lydiah alinigeukia. Macho yake yalikuwa yale yale ya siku ile ya Muthamia, nami nikajua nimeisha.

"Muthamia alisema chini hakuna kitu," alisema. "Wewe umesema chini kuna moto. Nyote wawili mmeudanganyia udongo wetu. Tofauti ni nini?"

Mutugi alikuwa tayari anacheka, mkono tumboni.

"Jogoo," Cucu Wambeti alisema.

"Cucu, tuzungumze. Nina kuku mwingine, mnene zaidi..."

"Yule mwekundu. Anayetembea kama askofu. Si umeandika mwenyewe?"

Nilienda nikamleta. Alitembea kama askofu mpaka mwisho. Walimla kwa ugali na sukuma wiki, na mimi nikapewa shingo. Tulipomaliza, Cucu alikusanya mifupa kwenye sahani akampa Mutugi.

"Ifukie hapo kando ya mlango," alisema. "Usiihamishe tena. Nataka siku moja mtu kama huyu Madam akija na mwiko wake, ajue mahali hasa mwongo alipolipa."